Daftari Lisilofungwa

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Mjini Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani, daftari la zama hizi ni lahajedwali. Kampuni ya nishati ya Enron, iliyokuwa na makao yake mjini humo, ilifilisika Desemba 2001, na barua pepe za wafanyakazi wake zikawekwa hadharani baadaye. Mwaka 2015 watafiti Felienne Hermans na Emerson Murphy-Hill walieleza kwamba walikuta humo lahajedwali zaidi ya 15,000.

Katika ofisi nyingi, kuanzia Houston hadi Dallas na Fort Worth, kazi ya kuzijaza huachiwa programu. Msikilizaji, chukua mfano wa mhasibu ambaye programu yake huifungua Excel usiku, pasipo dirisha lolote kuonekana, na kuandika hesabu. Usiku mmoja inakwama katikati kwa kosa. Asubuhi mhasibu anaambiwa kuwa faili linatumiwa na mtu mwingine. Mtu huyo hayupo. Anayelishikilia ni Excel ya jana.

Hata amri ya kufunga ikitolewa, Excel huweza kubaki. Sababu ni kwamba kila kitabu, karatasi au kisanduku ambacho programu imekigusa huhesabiwa, na maadamu kimoja hakijaachiwa, Excel haiondoki. Ni mfano wa bawabu asiyeweza kufunga lango hali wageni wangali ndani.

Wengi hukimbilia kuzima kila Excel iliyomo katika orodha ya Task Manager. Hapo ndipo penye hatari, kwani mojawapo yaweza kuwa ile ambayo mwenzake anaandikia mishahara, naye hajahifadhi kazi yake.

Njia salama ni kuitaja kila karatasi kupitia kitabu chake, kukifunga kitabu, kuiamuru Excel ifunge, kisha kuachia kila kilichoguswa. Hatua hizo ziwekwe mahali zitakapotekelezwa hata kosa likitokea. Ikibidi kuzima kwa nguvu, izimwe ile tu ambayo namba yake iliandikwa tangu ilipoanzishwa.

Kampuni ya Microsoft yenyewe haipendekezi programu zake za Office ziendeshwe kwenye seva bila mtu wa kuziangalia. Kwa mhasibu huyo, basi, kuitazama ile orodha kila asubuhi kabla ya kufungua hesabu ni sehemu ya kazi.