Nani Hulipa Gharama Kesi ya Mapitio ya Mahkama Inapomalizwa kwa Suluhu



Nchini Uingereza, katika mahkama za England na Wales, mtu asiyeridhika na uamuzi wa Wizara au Baraza la Mji aweza kuiomba Mahkama Kuu iuchunguze uhalali wake. Ombi hilo huitwa mapitio ya mahkama, nalo hutakiwa kupelekwa upesi, kwa kawaida kabla ya kupita miezi 3. Mara nyingi shauri halifiki kusikilizwa: mamlaka hutengua uamuzi wake, na mlalamikaji akapata alichokitaka. Hapo huzuka suali: wakili wake atalipwa na nani?

Kanuni yajulikana: aliyeshindwa hulipa gharama za aliyeshinda. Lakini penye suluhu hapana hukumu, na kila upande huweza kudai kuwa haukushindwa. Katika shauri la Boxall la mwaka 2000, Mahkama Kuu ilieleza kwamba mshindi asipodhihirika, kila upande hubeba gharama zake. Hivyo mamlaka ziliweza kusema kuwa zimekubali kwa kuepuka usumbufu tu, ilhali mlalamikaji amekwisha kuingia gharama kudai haki yake.

Mwaka 2011, katika shauri la Bahta lililoihusu Wizara ya Mambo ya Ndani, Mahkama ya Rufaa iliitazama hoja hiyo kwa shaka. Mwaka 2012 ikaja rufaa ya M dhidi ya Baraza la Croydon. M, kijana aliyeomba hifadhi, alibishana na Baraza juu ya umri wake. Kesi ilipokwisha kufunguliwa, Baraza liliukubali umri alioutaja, lakini M hakupewa gharama zake. Mahkama ya Rufaa iliikubali rufaa yake.

Tangu hapo mashauri hayo hupimwa kwa daraja 3. Mlalamikaji aliyepata yote aliyoyadai, kwa kawaida hulipwa gharama zake. Aliyepata sehemu, huangaliwa uzito wa alichopata na alichokosa. Ikiwa suluhu haifanani na madai yake, mara nyingi kila upande hujilipia.

Jambo kubwa katika yote hayo ni barua. Mlalamikaji hutakiwa kuiandikia mamlaka kabla ya kufungua kesi, nayo kwa kawaida hupewa siku 14 za kujibu. Asiyeandika huweza kunyimwa gharama hata akishinda. Aidha, mamlaka inayoiweka barua kabatini, kisha ikakubali madai yale yale baada ya kesi kufunguliwa, hulazimika kueleza kwa nini haikukubali mapema.

Fedha zinazolipwa hapo ni za wananchi. Ofisa aisomaye barua siku ifikapo, na kurekebisha kosa palipo na kosa, humwokoa mlalamikaji na deni na kuiokoa Hazina na hasara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.