Mlima Homa kwa Baiskeli: Tuwalinde Watoto Safarini

Leo tunazungumza juu ya safari ya jamii kwa baiskeli.

Shule zimefungwa, ni Desemba. Tuseme umetoka Suna na watoto kwenda kumsalimu nyanya yao karibu na Mlima Homa. Mmepanda matatu hadi Homa Bay, na huko mmeazima baiskeli kwa ndugu. Watoto wanataka kuuona mlima kwa karibu. Ni jambo jema. Kuendesha baiskeli huimarisha moyo, mapafu na misuli. Lakini kabla ya kuondoka, sikiliza mambo matatu.

La kwanza ni mguu wa mtoto. Mtoto anayebebwa kwenye keria huning'iniza miguu. Akisinzia au akichezacheza, mguu huingia katika spoku za gurudumu la nyuma. Jeraha hilo huweza kuchuna ngozi ya kisigino hadi ndani, na hata kuvunja mfupa.

Kinga yake si ghali. Mwombe fundi wa baiskeli afunge wavu mgumu kando ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, na aweke mahali pa kukanyagia. Mvalishe mtoto viatu vinavyofunika kisigino, si ndala. Kama una kofia ngumu ya baiskeli, avae. Mtoto mchanga asibebwe kwa baiskeli kabisa, hata mgongoni mwako. Nawe mama, funga leso yako vizuri isije ikanaswa na gurudumu.

Je, mguu ukinaswa? Simamisha baiskeli mara moja. Usiuvute mguu kwa nguvu. Mtu mmoja aishike baiskeli isisogee, mwingine akate au apinde spoku. Osha jeraha kwa maji safi mengi, lifunike kwa kitambaa safi, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake udongo, majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe. Hata kama unaona mchubuko mdogo tu, nenda. Mara nyingi ngozi iliyobanwa huonekana nzima siku ya kwanza, na baada ya siku chache hugeuka nyeusi na kufa. Muulize mhudumu pia kuhusu sindano ya pepopunda.

La pili ni joto. Mlima Homa una urefu wa mita 1,751 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi. Basi kutoka ziwani hadi kileleni ni kupanda zaidi ya mita 600, katika nchi yenye jua kali. Usidhani joto huwasumbua watoto peke yao. Mwaka 1967 mwendesha baiskeli hodari wa Uingereza, Tom Simpson, alianguka na kufa akipanda mlima Mont Ventoux nchini Ufaransa katika mashindano ya Tour de France. Alikuwa na umri wa miaka 29. Joto, uchovu, pombe na dawa za kuchangamsha mwili vilichangia kifo chake. Kama mwanamichezo mwenye nguvu aliweza kushindwa, mtoto wa miaka sita je?

Kwa hiyo ondokeni asubuhi na mapema. Saa za adhuhuri pumzikeni kivulini. Bebeni maji safi ya kunywa, na kila mtu anywe kidogo kidogo kabla ya kuona kiu. Mkifika penye mwinuko mkali, shukeni mkokote baiskeli. Si aibu.

Mtoto akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, mpumzishe kivulini na umpe maji. Lakini mwili ukiwa moto sana, akianza kuweweseka, kushikwa na degedege au kuzimia, hiyo ni hatari. Mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, na mkimbize hospitali huku mkiendelea kumpoza. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

La tatu ni kuteremka. Wengi hufurahi kwamba kazi imekwisha, kumbe kuteremka ndiko kwenye ajali nyingine. Jaribu breki zote mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiwa na mtoto kwenye keria, teremko kali lishuke kwa miguu.

Neno moja zaidi, mama. Mlima unaitwa Homa, lakini homa nyingine usiifanyie mzaha. Mkirudi Suna, na baada ya siku kadhaa mtoto akapata joto mwilini, usiseme, "Ni lile jua tu." Kandokando ya ziwa kuna malaria nyingi. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo. Na huko safarini, laleni ndani ya chandarua chenye dawa.

Sasa nakuuliza: baiskeli ya nyumbani kwako ina wavu kando ya gurudumu? Kama haina, mwone fundi wiki hii, hata kama hamna safari ya mbali. Mguu wa mtoto hunaswa hata njiani kwenda sokoni.