Nyumba Kisiwani na Njia ya Kuifikia

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nizungumzie maandalizi ya kustaafu. Nadhani alinichagua kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, na mtumishi wa Serikali huanza kuwaza kustaafu tangu siku ya kwanza kazini. Hata hivyo sikuja na habari za mafao. Asubuhi hii, wakati wa chai, nimewasikia wenzangu watatu wakiulizana bei za viwanja vya Unguja na Mafia. Kwa hiyo nimeona heri niwasimulie kosa nililokaribia kulifanya mimi mwenyewe.

Mke wangu ni mzaliwa wa Mafia. Mara ya kwanza aliponipeleka kwao, mwaka 2009, tulipitia Nyamisati na kuvuka kwa boti. Niliwasili Kilindoni nimelowa, nimetapika, na sina heshima yoyote ya bwana harusi. Marehemu baba mkwe alinipokea ufukweni akacheka, akasema, “Karibu, mwanangu. Bahari imekusalimia kabla yetu.”

Baadaye uwanja wa ndege wa Kilindoni ukawekwa lami, katika mpango wa msaada wa Marekani uliotekelezwa kati ya mwaka 2008 na 2013. Tukaanza kwenda kwa ndege ndogo, zile za abiria kumi na wachache, ambazo mzigo wako hupimwa kwa makini kama dhahabu. Kutoka Dar es Salaam ni nusu saa hivi. Nusu saa, ndugu zangu! Kutoka Mbagala hadi Posta asubuhi ya Jumatatu huchukua zaidi.

Hiyo nusu saa ndiyo iliyonilevya. Mwaka 2018, nikiwa tayari nimehamia Dodoma pamoja na wizara yangu, nilianza mazungumzo ya kununua kiwanja upande wa Utende, kilometa kama 15 kutoka Kilindoni, mahali penye hoteli za wageni. Nilizungumza na mwenye shamba, nikazungumza na serikali ya kijiji, nikazungumza na wenye minazi, maana pwani shamba laweza kuwa la huyu na mnazi ukawa wa yule. Nilijua kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka baharini. Kila kitu nilikiandika katika daftari: saruji, mabati, kisima, mlinzi. Kwenye safari niliandika maneno mawili tu, “nusu saa”.

Mei 2019 baba mkwe akafariki alfajiri. Tulipata simu tukiwa Dodoma. Tulisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, tukaenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Ndege ya siku iliyofuata ilikuwa imejaa, na baada ya hapo safari zilikuwa chache, kwa kuwa ulikuwa msimu wa masika. Kule Nyamisati tukaambiwa upepo wa kusi umechafua bahari, na chombo hakitoki. Mke wangu alikaa kwenye benchi na khanga yake kichwani, bila kulia na bila kusema. Baba yake alizikwa siku ile ile, kama ilivyo desturi. Sisi tulifika siku ya kuanua matanga.

Mama mkwe hakutulaumu. Alisema neno moja ambalo sijalisahau: “Ndege ni ya wageni, wanangu. Sisi hupanda ikibaki nafasi.”

Niliporudi Dodoma nililifikiri sana neno lile, nikaona kwamba mama yule, ambaye hakupita shule kama yetu, ameeleza uchumi mzima wa usafiri wa anga visiwani. Ndege hufuata abiria wenye fedha. Mafia abiria hao huja zaidi kati ya Oktoba na Machi, wakati wa papa potwe na bahari tulivu. Aprili na Mei baadhi ya hoteli hufunga, na ndege nazo hupungua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, mgeni ndiye aliyetuletea ndege, lakini akiondoka huondoka nayo.

Tazameni na Unguja. Kwa nini nyumba za kuuza kwa wageni zimejengwa kwa wingi kule? Fukwe nzuri ziko hata Mafia. Unguja ina njia ndefu ya kurukia inayopokea ndege kubwa moja kwa moja kutoka Ulaya na Ghuba, na mwaka 2021 lilianza kutumika jengo jipya la tatu la abiria. Mtu wa Ulaya hulala ndani ya ndege, akaamka yu karibu na mlango wake. Kadhalika Unguja ina boti za kwenda Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Nyumba ya pale ina milango miwili. Hata hivyo, Aprili 2020, wakati wa korona, nchi yetu ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje hadi Mei 18. Kwa majuma yale mwenye nyumba aliyekuwa ng'ambo alibaki na ufunguo mfukoni.

Sisemi msinunue, la hasha. Nasema kwamba anayenunua nyumba kisiwani hununua na njia ya kuifikia, na njia hiyo haiandikwi katika hati. Kwa hiyo, kwanza, usiitembelee Desemba peke yake. Nenda Mei, ukaone ni nani anayeruka na kwa nauli gani. Pili, uliza ndege isipokuja utapita wapi. Tatu, na hili ni kwa sisi tunaoelekea uzee, uliza ukiugua usiku utafikaje hospitali kubwa. Na anayetamani Unguja akumbuke kwamba sheria za ardhi za Zanzibar ni zake zenyewe. Aanze kwa wenye mamlaka, asianze kwa dalali.

Mimi kile kiwanja cha Utende nilikiacha. Badala yake tuliongeza vyumba viwili katika nyumba ya wazee pale Kilindoni, mahali ambapo mtu huweza kutembea kwa miguu kutoka uwanjani na kutoka gatini pia. Bahari hatuioni tukiwa barazani. Lakini nyumba haifungwi mwaka mzima, kwa sababu mama mkwe yumo, na jiko linawaka tukiwapo na tusipokuwapo. Tangu mwaka 2024 treni mpya imetupunguzia safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam. Kipande cha mwisho, cha kuvuka maji, bado ni kile kile, na kila Mei mke wangu hukata tiketi yake mapema, akazuru kaburi la baba yake.

Hapa shuleni tulifundishwa kwamba kengele haimsubiri mwanafunzi. Ndugu zangu, kabla hamjalipa hata shilingi moja, ulizeni kengele ya kisiwa hicho inamlilia nani.