Je, Tumezidisha Kunawa Mikono?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Rudewa, Kilosa)



Nimeombwa niseme kama watu wa siku hizi tumezidisha mno habari ya kunawa mikono. Swali hili si la mzaha. Wasomi wanaliuliza, na wazee wetu nao hutukumbusha kwamba walikula maembe chini ya mti bila kuyaosha na bado wako hai.

Wasomi wana hoja. Mwaka 1989 daktari Mwingereza, David Strachan, alieleza kuwa watoto wa familia kubwa hawakusumbuliwa sana na mafua ya mzio. Akadhani huenda kuambukizana maradhi utotoni kunaukomaza mwili. Uchunguzi wa baadaye ulilirekebisha wazo hilo: vijidudu vinavyotufaa twavipata kwa mama, kwenye udongo, kwa mifugo na katika chakula, si katika kinyesi kilichobaki mkononi. Basi mtoto anayecheza shambani hapotezi kitu akinawa kabla ya kula.

Palipozidi ni dukani. Mwaka 2016 Serikali ya Marekani ilizuia dawa 19, triklosani ikiwa mojawapo, zisitiwe katika sabuni za kunawia zinazouzwa kwa wananchi, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kuwa zinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni hung'oa mafuta na uchafu, na vijidudu huondoka na maji. Sabuni ya mche yatosha. Kitakasa mikono chafaa pasipo na maji, lakini hakiusafishi mkono wenye tope, wala si cha kutegemewa kwa mayai ya minyoo.

Sasa turudi kwetu. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwahimiza wazazi wetu kuchimba vyoo. Lakini choo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni maji ya kunawa mlangoni pake. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, Morogoro ukiwamo. Mwaka 2020, kwa hofu ya korona, ndoo za bomba ziliwekwa kwenye maofisi, masoko na stendi. Hofu ilipopoa, nyingi zikakauka. Je, huko ndiko kuzidisha? Mimi nasema tulinawa kwa hofu, hatukujenga mazoea.

Kwa hiyo, wahitimu wenzangu, tusichangie sabuni za bei kubwa. Tuchangie kibuyu chirizi kwa kila choo cha shule: dumu la lita 5 lililotobolewa, kamba na kijiti cha kukanyaga. Kando yake ining'inie chupa ya maji ya sabuni, maana mche hauchelewi kuibwa. Nanyi vijana, pangeni zamu ya kujaza maji, na majina yabandikwe ukutani. Dumu likiwa tupu, ijulikane zamu ilikuwa ya nani.

Tunawe tutokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Hapo hatujazidisha, tumefika kiasi.