Kikohozi Kisichoisha na Picha ya Kifua: Maswali ya Kumwuliza Daktari

Hotuba iliyotolewa kwa wakazi wa mtaa wa West Indies, Eldoret



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwafikishia wananchi habari za kaunti, na leo ninazungumzia kikohozi cha watoto, hasa kile kisichosikia dawa.

Mtoto akikohoa kwa wiki mbili, wengi wetu huwaza kifua kikuu. Ni sawa kuwaza hivyo. Kifua kikuu kipo, kinaambukiza na kinatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma. Mpelekeni mtoto akapimwe. Lakini wapo watoto wanaomaliza dawa zote na bado wanakohoa, kisha wanaanzishiwa dawa zile zile tena ilhali vipimo havionyeshi viini vya kifua kikuu. Mtoto kama huyo anahitaji kuchunguzwa upya, kwa sababu kikohozi cha muda mrefu kina vyanzo vingi.

Chanzo kimoja ambacho husahaulika ni ugonjwa wa sistiki fibrosisi. Huu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, ingawa wazazi wenyewe ni wazima. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Hauambukizi, si laana, wala si kosa la mama.

Mgonjwa huyu ute wake huwa mzito na wa kunata. Huziba mirija ya hewa kwenye mapafu, viini vikakaa humo na kuiharibu. Huziba pia njia za kongosho, chakula kisisagike vizuri. Mtoto anakula lakini hanenepi, na choo chake kina mafuta na harufu kali. Jasho lake lina chumvi nyingi kupita kawaida, hata mama akimbusu kwenye paji la uso huionja. Kipimo kikuu cha ugonjwa huu ni kupima chumvi iliyo katika jasho.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa wa Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hata hivyo, jeni inayohusika, iliyotambuliwa mwaka wa 1989, ina hitilafu za aina nyingi, na zipo zinazopatikana kwa Waafrika. Usipotafutwa, hauonekani.

Sasa nije kwenye picha. Eksrei ya kawaida huonyesha kifua kizima kwa picha moja bapa. Skani ya CT hupiga picha kuuzunguka mwili, kisha kompyuta ikaonyesha mapafu kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Waliofanikisha kazi hiyo, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Kwa mgonjwa wa sistiki fibrosisi, skani huweza kuonyesha mirija iliyopanuka na kuharibika kabla kipimo cha kupuliza pumzi hakijabadilika. Isitoshe, watoto wadogo hawawezi kupuliza inavyotakiwa.

Faida hiyo ina gharama yake, nayo ni mionzi. Mionzi hupimwa kwa milisiverti. Kila binadamu duniani hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Eksrei moja ya kifua haizidi takriban 0.1. Skani ya kawaida ya kifua cha mtu mzima huweza kufika 5 hadi 7. Skani ya mionzi midogo huwa karibu 1, na mashine za kisasa huweza kushuka chini ya hapo. Inawezekana kwa sababu mapafu yamejaa hewa, na hewa haizuii mionzi sana. Picha itakuwa na chenga kidogo, lakini mirija itaonekana.

Kwa anayepigwa skani mara moja maishani, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtoto atakayefuatiliwa miaka na miaka, mionzi hujumlika. Tena mwili wa mtoto huathirika na mionzi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mashine haifai kuachwa kwenye kipimo cha mtu mzima.

Msitoke hapa mkiogopa picha inayohitajika. Kuchelewa kujua ugonjwa kuna hatari kubwa kuliko skani moja. Ninachowaomba ni kuuliza maswali manne:

1. Picha hii itabadilisha matibabu ya mtoto wangu kwa njia gani?
2. Je, eksrei, au kipimo kisichotumia mionzi, kinaweza kutosha?
3. Mashine imewekwa kwa uzito wa mtoto, na mionzi midogo inawezekana?
4. Ninaweza kupewa nakala ya picha na ripoti?

Swali la nne lina uzito. Picha zilizopotea hurudiwa, na mtoto akapata mionzi mara mbili. Wekeni picha na ripoti pamoja na kitabu cha kliniki, na mzibebe kila mnapotumwa hospitali nyingine.

Kuuliza si ukosefu wa adabu. Tangu sheria ya mwaka wa 2019, matumizi ya mionzi nchini husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, na mashine za mionzi zinahitaji leseni.

Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kikohozi kikiendelea baada ya dawa, ombeni barua ya rufaa kwenda kwa madaktari wa watoto. Hapa Eldoret tuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Familia nyingi husafiri mbali kuifikia. Kabla ya siku ya picha, ulizeni hospitalini malipo ya SHA yanagharamia nini.

Na wewe mhudumu wa afya ya jamii, ukipita nyumbani ukakuta mtoto aliyemaliza dawa na bado anakohoa, na mwili haujengeki, usimwambie mama avumilie. Mwandikie arudi kituoni.