Jackie Robinson, Mtu Aliyejizuia Akashinda

Natumaini kila mtu ameketi, na penseli na daftari ziko tayari. Leo nitawaeleza habari za mchezaji mmoja wa Marekani, jina lake Jackie Robinson. Mwalimu wenu ataliandika jina hilo ubaoni.

Mchezo wake haukuwa mpira wa miguu. Unaitwa besiboli. Mtu mmoja hutupa mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu sana. Mtu wa upande wa pili husimama na gongo, akajaribu kuupiga. Akiupiga vema, hukimbia kupita vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia. Akifika salama, upande wake umepata alama moja.

Jackie alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji mdogo wa Cairo, jimbo la Georgia. Alikuwa mjukuu wa mtumwa. Wazazi wake walilima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno. Baba aliiacha nyumba. Ndipo mama yake, Mallie, alipowachukua watoto wake watano, akahamia nao California mwaka 1920, akawalea kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Jackie alisoma mpaka akaingia Chuo Kikuu huko Los Angeles, na hapo alikichezea chuo michezo minne mbalimbali.

Siku zile Watu Weusi wa Marekani walikuwa na timu zao peke yao. Tangu miaka ya 1880 hakuna hata mmoja aliyekubaliwa katika ligi kubwa. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini wenye timu wote waliifuata desturi hiyo.

Msidhani Jackie alikuwa mtu wa kuogopa. Mwaka 1944, alipokuwa ofisa wa jeshi huko Texas, dereva wa basi alimwamuru akakae nyuma. Jackie alikataa. Akashitakiwa katika mahakama ya kijeshi, na mahakama ikaona hana hatia.

Mwaka uliofuata aliitwa na Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers. Rickey alitaka kuivunja ile desturi. Alimwambia Jackie kwamba atatukanwa na atapigwa, na kwamba akirudisha tusi au ngumi, watu watasema, “Mnaona? Hawa hawawezi kucheza na sisi,” na mlango utafungwa tena. Jackie akamwuliza kama anatafuta mtu mwoga. Rickey akajibu kuwa anatafuta mtu mwenye ushujaa wa kutosha kujizuia. Jackie alikubali.

Alicheza kwanza Montreal, nchi ya Kanada, mwaka 1946. Kisha, tarehe 15 Aprili 1947, aliingia uwanjani na Brooklyn. Hata katika timu yake walikuwamo ambao hawakumtaka. Wachezaji wa Philadelphia walimtukana vibaya mno. Alipata barua za kutishiwa kuuawa. Katika miji mingine hoteli walimolala wenzake zilimkataa. Naye alinyamaza.

Lakini mikono na miguu yake haikunyamaza. Mwaka ule ule alichaguliwa kuwa mchezaji mpya bora. Mwaka 1949 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake, na tangu hapo hakufungwa tena na ahadi ile. Akawa anasema wazi. Mwaka 1955 Brooklyn walikuwa mabingwa. Na baada yake Watu Weusi wengine wengi waliingia katika ligi kubwa.

Alipoacha kucheza, hakukaa kimya. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikuwa akitafuta njia ya kuwapeleka vijana kusoma Marekani. Nafasi katika vyuo zilipatikana, lakini nauli haikuwako. Jackie Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange. Mwezi wa Septemba mwaka huo vijana 81 walifika New York kwa ndege.

Ugonjwa wa sukari ulimdhoofisha na kumharibu macho. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1972, umri wake miaka 53. Mwaka 1997 iliamuliwa kwamba katika timu zote za ligi kubwa namba yake, 42, asipewe tena mchezaji mpya.

Sasa, wewe unayesoma. Huenda nawe unachekwa. Huenda jirani akuonapo na daftari huuliza, “Mzee mzima waenda shule?” Ukigombana naye, utachelewa darasani, naye atakuwa na la kusimulia. Jackie aliona uchungu wa matusi, hakuna asiyeuona. Lakini alijua kwa nini amenyamaza, na alijua mpaka lini. Jifunze kusoma kwanza. Siku utakapomsomea jirani yako barua ya mwanawe, hutakuwa na haja ya kumjibu.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Mama yake Jackie aliwalea watoto wake kwa kazi gani?
2. Kwa nini Rickey alimtaka Jackie asirudishe matusi?
3. Je, kunyamaza ni vema siku zote? Zungumzeni darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.