Bwawa la Starehe Nalo Lataka Mlinzi



Leo nataka kusema nanyi habari za mabwawa madogo ya udongo, na hasa yale yaliyowekwa kwa ajili ya starehe: kuvua samaki, kuogelea, au kukaa kando yake jioni na kupunga upepo. Bwawa la kunyweshea ng'ombe lina watu walitazamao kila siku, kwa maana likiharibika wao ndio wapatao hasara. Bali bwawa la starehe halina mtu alitegemeaye kwa chakula chake. Watu huja siku ya mapumziko, hufurahi, kisha hurudi makwao. Miti huota juu ya tuta, na hapana aulizaye hali yake. Hapo ndipo hatari huanzia.

Huenda mtu akasema, "Bwawa lile ni dogo tu, litamdhuru nani?" Na tufanye hesabu. Ekari moja ya maji yenye kina cha futi moja ina uzito upatao tani 1,200. Kina kikiwa futi 6, uzito wapita tani 7,000. Mzigo huo wote umezuiwa na udongo ulioshindiliwa, na maji hayalali: usiku na mchana hutafuta njia ya kutokea.

Sikilizeni yaliyotukia Marekani, katika jimbo la Georgia. Karibu na mji wa Toccoa palikuwa na bwawa la udongo lililoitwa Kelly Barnes, lenye kimo cha futi 38 hivi, nalo lilikuwa juu ya chuo cha Biblia. Hapo kwanza maji yake yaliendesha mtambo wa umeme wa chuo. Lakini mwaka 1957 kazi hiyo ilikoma, na tangu hapo likabaki kuwa ziwa la starehe. Miti ikaota juu ya tuta. Upande wa nje, uliokuwa na mteremko mkali mno, udongo uliporomoka mahali pamoja; picha ya mwaka 1973 ilionyesha jambo hilo. Lakini tuta halikuvunjika siku ile, basi watu wakaendelea na shughuli zao.

Mwanzoni mwa Novemba 1977 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 6, yapata saa saba na nusu, tuta likapasuka watu wamelala. Watu 39 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Wahandisi waliochunguza hawakuona sababu moja iliyo peke yake, bali mambo kadhaa yaliyosaidiana: mteremko mkali, udongo uliolowa, na maji yaliyopenya ndani ya tuta. Baada ya hayo Rais Carter, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Georgia, aliamuru mabwawa yasiyo ya serikali kuu yakaguliwe, yale ambayo yakivunjika yangeweza kuua watu. Hata kufikia mwaka 1981 mabwawa zaidi ya 8,000 yalikuwa yamekaguliwa, na kadiri ya theluthi moja yalionekana si salama.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Hapa Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua nyingi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Lile lilikuwa bwawa la shamba, si la starehe. Lakini maji yakisha kutoka hayaulizi yaliwekwa kwa kazi gani.

Basi, yafaa kutazama mambo manne.

Kwanza, njia ya maji ya ziada, yaani mfereji upitishao maji wakati wa mafuriko. Njia hii isizibwe kwa kitu chochote. Huko South Fork, katika jimbo la Pennsylvania, chama cha wavuvi matajiri kiliweka vyuma katika njia hiyo ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilileta takataka nyingi zikanasa pale. Maji yakapita juu ya tuta likavunjika, na watu zaidi ya 2,200 wakafa katika bonde la Johnstown.

Pili, juu ya tuta pawe sawasawa. Mapito ya ng'ombe na magurudumu huacha mabonde, na maji yakifurika hupita hapo kwanza. Yakisha kupita juu ya udongo, huukata kama kisu.

Tatu, tazameni miti na mashimo. Nyasi fupi ni rafiki wa tuta, kwa kuwa hushika udongo. Lakini mti si rafiki. Mizizi yake ikifa huoza na kuacha tundu la kupitisha maji. Mti uliokwisha kuwa mkubwa usikatwe ovyo, bali mhandisi aulizwe kwanza. Fuko na mchwa nao huchimba, na mashimo yao hayana budi kuzibwa vizuri.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, ni maji yanayochuruzika upande wa nje. Maji machache yaliyo maangavu huonekana katika mabwawa mengi. Hayo yapimwe na kuandikwa. Lakini yakiongezeka ghafula, au yakitoka na tope, jueni kwamba udongo wa ndani ya tuta unachukuliwa. Hapo msingoje asubuhi. Waonyeni walio bondeni waondoke upesi, kisha mwiteni mhandisi.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka mtu mmoja aliyechaguliwa na kujulikana, mwenye daftari, azungukaye tuta kila mwezi na kila baada ya mvua kubwa. Kazi ya watu wote mara nyingi huwa si kazi ya mtu yeyote. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa bwawa ukianguka, huenda asibaki mtu wa kuujenga.